Kompyuta Imekamilika, Mke Amehama

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako maana hapa nilipofika akili imegota. Mimi ni fundi umeme, mke wangu ni mshonaji, anadarizi nembo za shule kwenye masweta, anazichora mwenyewe kwenye kompyuta, na mashine yake inaongozwa na kompyuta hiyo. Ile kompyuta yake ilikuwa imechoka, inakwama kila mara, nikasema mke wangu hawezi kuteseka nami nipo, nitamuundia mpya kwa mikono yangu, nikaifungua ya zamani nikachukua diski yake, vingine nikanunua, nikapanga kila kitu juu ya meza yake ya kukatia vitambaa, na kwa kweli imetoka safi, hata feni zinawaka taa za bluu. Sasa shida ni mfumo endeshi. Shemeji, kaka yake mke wangu, anasema niweke toleo jipya, la zamani ni la wazee, lakini jirani muuza simu anasema jipya ni zito, basi nikasafisha diski nikaweka jipya, nikalifuta, nikaweka la zamani, shemeji akanicheka mbele za watu, nikalifuta nalo, na mpaka leo sijaamua. Katikati ya hayo mke wangu kabeba mashine yake kahamia kwa dada yake, nadhani ni hasira za kawaida tu, alisema, "Baba watoto, weka lolote, mradi nizikute nembo zangu nifanye kazi," nikamwambia mambo ya kitaalamu hayaendi hivyo. Nisaidie, jipya au la zamani?

Fundi Njia Panda

*

Njia panda gani, bwana wewe! Mkeo kafunga virago, wewe unanisimulia taa za bluu.

Nikupe pole kidogo, maana ulianza na nia njema. Nia yenyewe iliisha uliposhika bisibisi. Ulivunja kompyuta anayofanyia kazi kabla mpya haijawaka, ukamnyang'anya na meza, kisha ukaitisha kikao cha shemeji na muuza simu, watu wasiojua hata uzi unapita wapi. Yeye mwenye kazi hukumuuliza chochote.

Halafu kuna jambo umelipitia kama hulioni. Diski ni ileile yake, na umeisafisha. Sasa hizo nembo anazotaka kuzikuta, ziko wapi? Usinijibu mimi. Yeye bado anadhani zipo! Eti kitaalamu. Utaalamu wa kufuta?

Sikiliza. Zima hiyo kompyuta sasa hivi, chomoa diski, usiweke toleo lolote juu yake, maana kila unachoweka kinafukia kilichobaki. Ipeleke kwa mtu anayefanya kazi ya kurudisha mafaili, na huko ufunge mdomo, usimfundishe. Nunua diski nyingine. Toleo ni lile ambalo programu ya kudarizi inalikubali. Ikikubali yote mawili, weka jipya, na shemeji akicheka tena mwonyeshe mlango.

Lakini kabla ya duka lolote, nenda kwa shemeji yako mwingine, dada wa mkeo, ukamwambie mkeo ukweli kwa mdomo wako. Usingoje mteja alete sweta, mkeo afungue kompyuta akute patupu. Atalia, maana hizo nembo alizichora mwenyewe moja moja. Mwache alie. Na tafadhali sana, usimweleze ni toleo gani.