Kitambulisho cha Dereva wa Mkate

Jumatatu, 4 Mei 2009

Mvua tangu alfajiri. Mitungi kumi na miwili ya maziwa leo. Barabara ya kutoka kwetu Ziwa imeharibika kabisa pale kwa daraja, nusu ya safari nimeenda na gia ya pili. Nyuma yangu lori ya mahindi, honi juu ya honi. Nimpishe wapi? Niingie kwa shamba la watu?

Maziwa hayangoji. Wakiyapima na spiriti kule kiwandani mjini yakaganda, yanarudishwa, na watu ishirini wenye ng'ombe wananiuliza mimi.

Kufika mjini, mwanamume mmoja kwa gari kubwa akashusha dirisha. “Mama, rudi jikoni!” Nikamwambia huko ndiko nimetoka, saa kumi asubuhi. Watu wakacheka. Nilicheka pia. Lakini nilifunga dirisha. Mwaka wa pili huu tangu miguu ya mume wangu, Mzee, ikatae kazi na nikachukua pikapu, na bado sijazoea kutukanwa na watu nisiowajua.

Ee Bwana, nipe moyo mpole. Naomba kila siku. Unaisha kabla ya mzunguko wa kwanza.

Jumatano, 6 Mei

Yule dereva wa gari ya mkate tena.

Nikitoka kupeleka mitungi mikubwa huwa nashuka mtaa wa Pioneer na ile midogo ya maduka. Yeye pia. Maduka yaleyale, saa ileile, watu wanataka chai na mkate kabla watoto waende shule. Basi anasimamisha gari katikati ya barabara, si kando, katikati, anashusha kreti moja moja. Haweki indiketa. Haangalii nyuma. Ukipiga honi anageuka tu anakuangalia kama ng'ombe.

Namchukia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo. Mtu ambaye hata jina simjui.

Ijumaa, 8 Mei

Mitungi miwili imerudishwa.

Leo niliamua kupitia Pioneer kwanza, nimalize na maduka, halafu nipeleke mingine. Kosa langu. Nilikaa nyuma ya gari ya mkate karibu saa nzima, matope huku na huku, hakuna pa kupenya. Niliyamwaga mwenyewe nyuma ya choo cha soko. Maziwa meupe kwa matope. Nililia kidogo.

Nimewaeleza watu. Wengine wameelewa. Wengine wamenyamaza, na huko kunyamaza nakujua.

Nimeamua. Akinizuia tena nachukua jina lake, napeleka kwa polisi wa trafiki. Sheria ifanye kazi yake. Mzee anasema hiyo ni sawa.

Jumanne, 12 Mei

Siwezi kuandika vizuri. Nitaandika tu.

Alinipita kwa nguvu pale kona ya Pioneer, akaingia mbele yangu, akavunja kioo changu cha pembeni. Nikashuka. Nilikuwa nimejaa hasira mpaka masikio yalikuwa yanalia. Vijana wa boda wakaja haraka, saba au wanane. Wananijua, wananiita Mama Kiprop, au mathe tu, tunaongea lugha moja. Wakasimama nyuma yangu.

Nikamwambia dereva, “Toa kitambulisho.”

Hayo tu. Kwa ajili ya trafiki. Nilitaka jina.

Mtu huyo akabadilika rangi. Akainua mikono yote miwili juu. Halafu polepole akashusha mmoja, akaingiza kwa mfuko wa shati, akanipa kitambulisho na mikono miwili vile unampa mtu mkubwa. “Mama, tafadhali. Niko na watoto.”

Sikuelewa. Nani alikuwa ametaja watoto?

Kijana mmoja wa boda, anacheka, anafikiri ni mchezo: “Soma jina, mathe! Soma tusikie!”

Nikasoma. Mungu wangu, nikasoma. Kwa sauti. Stephen Githinji. Jina la watu wa Central, si la watu wetu, na kila mtu hapo alilisikia. Mwingine nyuma yangu akafanya “Aaah” hivi, kama mtu ameambiwa jibu la kitendawili.

Githinji akakimbia. Aliacha mlango wazi, injini inanguruma, mkate ndani. Mtu mzima, wa umri wangu, na aproni ya kazi, anakimbia kwa matope na anaanguka na anaamka. Hakuna aliyemfukuza. Vijana walibaki wameduwaa. Mmoja akasema, “Sasa huyu anakimbia nini?”

Mimi nilijua. Kwa wakati huo ndio nikajua.

Nilizima injini ya gari yake. Mwenye duka la hapo kona akaingiza kreti ndani. Kitambulisho kilibaki kwa mkono wangu.

Jumatano, 13 Mei

Nimekaa kwa pikapu, nangoja mitungi ioshwe. Nataka kuandika yale sijawahi kuandika.

Januari mwaka jana. Uchaguzi ulikuwa umepita na nchi ilikuwa imeharibika, watu wa Central wanafukuzwa kwetu. Barabara yetu ilifungwa kwa mawe na magogo. Vijana wetu walikaa hapo mchana wote, kwa baridi. Wamama tukawapelekea chai. Hakuna aliyetulazimisha. Tulisema ni watoto wetu, wataumwa na njaa.

Siku ya tatu nilikuwa nimesimama na birika. Gari ndogo ikaja, ikasimamishwa. Kijana wa jirani yangu, niliyemfundisha Sunday school, akaenda kwa dirisha akasema, “Toa kitambulisho.” Akasoma jina kwa sauti ndiyo wengine wasikie.

Nilimaliza kumimina kikombe nilichokuwa nacho. Nikachukua birika nikaenda nyumbani.

Sikuona kilichofuata. Hivyo ndivyo nimekuwa nikimwambia Mungu, mwaka mzima na zaidi, kwamba sikuona. Lakini nilitembea haraka. Mtu ambaye hajui kitu hatembei haraka hivyo.

Maneno yale ya jana hayakutoka kwa trafiki. Yalikuwa ndani yangu tayari, yamepangwa.

Ijumaa, 15 Mei

Nimeenda pale magari ya mkate hupakiwa. Msimamizi anasema Githinji hajafika kazini tangu Jumanne na simu yake imezimwa. Asipofika kufikia Jumamosi ya wiki ijayo wanaweka mwingine. Akaniuliza, “Wewe ni nani wake?”

Nikasema mteja.

Nilimwonyesha kitambulisho, akanyoosha mkono nimwachie. Nilikaribia kumpa. Ingekuwa rahisi sana. Nikakirudisha kwa mfuko nikaondoka, na njia yote nikajiuliza kama nimefanya vizuri au ni kiburi.

Mzee amekasirika. Ameniambia wazi: “Huyo mtu anataka kitu chake. Hataki wewe ufike kwake ndiyo roho yako ipumzike.” Amesema kweli. Na bado sijapeleka.

Kwanza nilikiweka ndani ya Biblia. Baadaye nikakitoa, nikaona si mahali pake. Sasa kimefungwa kwa leso.

Jumapili, 17 Mei

Baada ya ibada nimeongea na pasta. Akanipa mkono, akasema, “Mama, hayo ni mambo ya barabara. Madereva wote wanakosana. Peleka kwa polisi uwaachie, uendelee na kazi.” Nilimwambia ya kioo. Nilimwambia ya kitambulisho. Ya chai sikumwambia, kwa hivyo shauri alilonipa ni la kesi nyingine.

Jana vijana wa boda walinipigia makofi nilipopita. “Mathe ni moto! Unafukuza mtu na jina tu!” Hawana ubaya. Wananipenda. Hiyo ndiyo inaniumiza zaidi, kwamba wanacheka vizuri, na meno yote, na nilikuwa nikiwapenda wakicheka hivyo.

Nimewaambia wasiseme tena. Mmoja, yule aliyesema nisome jina, ameangalia chini na kukwaruza matope kwa kiatu. Nafikiri ana miaka ishirini. Mwaka jana alikuwa wapi, sikumuuliza.

Jumanne, 19 Mei

Mama Shiku, mwenye duka aliyeingiza ule mkate, anajua anakoishi Githinji. Nyumba za kupanga, nyuma ya soko. Hakutaka kunielekeza. Alihudumia wateja watatu mbele yangu, akapanga sabuni ambayo ilikuwa imepangwa tayari. Nilingoja.

Mwishowe akaniuliza nataka kufanya nini huko. Nikamwambia nirudishe na niombe msamaha. Akafikiri. Akampigia bibi ya Githinji kwanza, wakaongea lugha yao muda mrefu, nami nimesimama hapo kama mtoto aliyeitwa ofisini.

Akakata simu. “Alhamisi mchana. Usiende na gari. Usiende na kijana yeyote. Tembea na miguu, peke yako, na ukifika ubaki nje mpaka uitwe.”

Nimesema asante. Amenipa mitungi yangu mitupu.

Mwaka wa pili huu namletea maziwa, sijawahi kufikiria kwamba mtu anaweza kuniogopa. Mimi. Mama wa kwaya. Mwenye magoti mabaya.

Alhamisi, 21 Mei

Nimekwenda.

Niliacha pikapu sokoni. Matope mpaka kwa kifundo. Bibi yake alikuwa kwa mlango wa mabati, amefunga leso kichwani, mtoto mdogo nyuma yake. Hakunikaribisha ndani na sikungojea hivyo. Akaita. Githinji akatoka, akasimama mbali kidogo. Amekonda, au ni mimi sikuwahi kumwangalia.

Nilimpa kitambulisho na mikono miwili. Akaangalia picha, akageuza, akaangalia nyuma, kana kwamba kinaweza kuwa kimebadilika. Akakiweka kwa mfuko akafunga kifungo.

Nikasema, “Nisamehe. Nilitaka jina la kupeleka trafiki. Lakini vile nilivyosema, nilijua nimetoa wapi.”

Akasema, “Kioo nilivunja. Ni kweli nilikuwa naendesha vibaya. Nilikuwa nimechelewa.”

Ningeweza kumalizia hapo. Awe amekosea yeye kidogo, niwe nimekosea mimi kidogo, twende nyumbani. Miguu ilikuwa inataka kwenda. Nikamwambia ya birika. Yote, mpaka pale nilipotembea haraka.

Akauliza, “Barabara gani?” Nikamwambia. Akatikisa kichwa. “Sisi tulipokimbia tulipitia upande mwingine.”

Nikashusha pumzi. Aliiona hiyo pumzi, nafikiri, kwa sababu akaongeza, bila kupaza sauti: “Lakini hata huko kulikuwa na chai, Mama.”

Nikakunja ile leso niliyokuwa nimefungia kitambulisho.

Bibi yake akauliza kama ni kweli kazi yake bado iko. Nikasema iko mpaka Jumamosi, msimamizi ameniambia mwenyewe. Waliangaliana. Githinji akasema ataenda kesho. Halafu akanigeukia. “Ukinikuta nimesimama mahali, ningoje. Usishuke kwa gari. Piga honi hata siku nzima, lakini usishuke.”

Nimeahidi.

Hatukupeana mikono. Nilipokuwa nageuka bibi yake akaniambia nipite njia ya juu, kule chini mvua imekata barabara.

Jumapili, 24 Mei

Ijumaa Githinji alikuwa kazini. Jana pia. Nilizima injini nikangoja nyuma yake, nikasoma Zaburi mbili. Hakunitazama. Maziwa hayakuharibika.

Leo, baada ya ibada, tulibaki wamama kwa maombi kama kila Jumapili. Tulikuwa kumi na moja. Nilisimama nikawaambia. Sikutaja mtu mwingine, nilisema mimi, birika langu la chai, siku ya tatu. Nilidhani nitalia, sikulia.

Hakuna aliyeinua uso. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Mwenyekiti alifungua kitabu cha nyimbo akakifunga.

Halafu Kogo Tapsubei, nyanya wa sisi wote, ambaye huwa analala tangu ombi la kwanza mpaka la mwisho, akasema bila kufungua macho, “Sukari ilikuwa yangu.”

Mwingine aliyekaa nyuma akasema, “Na kuni zangu.”

Wimbo haukuanzishwa. Mvua ilipopungua tulifunika viti, tukaenda nyumbani mmoja mmoja.