Jibu la Damu Alilolifuta Wafula

Mwiki, Ruiru

Kwako Mama,

Natumai magoti yamekupa nafuu na ng'ombe mweusi amezaa salama. Mimi kidonda cha titi walilonitoa kimepona na nimerudi kiwandani. Ila leo naandika nikiwa na hasira, kwa hivyo nivumilie mwandiko.

Jibu la kipimo cha damu lilipotoka, daktari wa kule Thika alinieleza kwamba saratani yangu inatokana na kasoro ya kurithi. Nilipomtajia marehemu shangazi Nasimiyu, aliyekufa na uvimbe wa titi na sisi tukaambiwa amerogwa, alisema yaelekea imetoka upande wa Baba. "Usikae na hii peke yako," akaniambia. "Watumie ndugu zako wote jibu hili, kila mmoja amwonyeshe daktari wake."

Nikalipiga picha, nikaituma kwenye gurupu la familia. Kaka Wafula, kwa kuwa ndiye admini, akaifuta, kisha akanitoa na mimi! Nikampigia.

"Wee Naliaka, unataka kutuharibia jina? Watu wanaomposa mdogo wetu Nekesa wanaleta ng'ombe mwezi ujao! Na mimi ni mwanaume, mambo ya matiti inanihusu na nini?"

Nikamwambia wanaume pia huibeba kasoro hiyo na kuwapitishia watoto. Akakata simu. Na ana mabinti watatu, Mama.

Jana Nekesa alinipigia akilia. Ana uvimbe kwapani. Alienda dispensari, akaulizwa kama kuna mtu kwao aliyewahi kuugua saratani, akajibu hakuna, vile Wafula alivyomwagiza hadi mahari ipite. Wakampa dawa za maumivu, wakamrudisha nyumbani. Mdogo wangu! Hao ng'ombe wataletewa nani, Nekesa akiwa kaburini?

Najua utasema Wafula ndiye mwenye boma tangu Baba atutoke. Sawa, aongoze boma. Mwili wa Nekesa si boma. Tafadhali Mama, ukipata barua hii mchukue umpeleke hospitali kubwa. Akiulizwa tena swali lile, jibu wewe kwa sauti: ndiyo, dada yake, na shangazi yake. Nakala ya jibu langu nimeitia humu, mpe daktari aisome.

Nisalimie mjomba fundi na mama mchungaji aliyeniombea. Shemeji, mke wa Wafula, mwambie namkumbuka sana.

Wafula usimpe salamu. Kuna nakala ya pili humu, hiyo ndiyo yake. Nimeandika juu yake majina ya wale wasichana wake watatu.

Bintiyo,
Naliaka