Otieno Amepelekwa Magadi Bila Karatasi

Jumanne, 13 Machi 2001

Mazoezi ya mpira wa kikapu saa kumi na moja jioni. Watu tisa. Upepo, vumbi, mbuzi wawili katikati ya uwanja. Ringi ya upande wa lango bado imepinda. Goti la kushoto linauma kidogo. Nimekimbia nalo hivyo hivyo.

Meneja mpya alikuja na fimbo yake. Mzee Lemayian, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Kajiado. Ndiye anatununulia jezi, basi kamati imemwachia timu nzima. Mpira hakuutazama hata dakika moja. Alitutazama magoti. Alituzunguka mmoja mmoja, ameinama, kama tuko mnadani. Alipofika kwangu akaligusa la kushoto na fimbo. Akasema hili halifiki Agosti.

Mimi ndiye kapteni. Mimi ndiye katibu. Ni mwalimu wa hesabu, niko na miaka thelathini na mbili. Mimi si fahali wa mtu.

Jumatatu, 19 Machi

Amemtoa Otieno. Otieno! Timu hii tumeianzisha mimi na yeye, miaka sita iliyopita, na mpira mmoja uliotobolewa na miiba. Bila yeye hakuna wa kutuchezesha. Amepelekwa timu ya Magadi.

Tumepata nini? Hakuna. Nimemuuliza mzee mara tatu. Nani anakuja? Hajui. Lini? Hajui. Anasema ameweka kwa rafiki yake na itarudi. Fomu ya uhamisho hakujaza, barua hakuandika. Walishikana mikono, basi.

Otieno naye hakukataa. Amepata kazi huko, na nyumba. Simlaumu. Namlaumu sana.

Jumamosi, 31 Machi

Tumepigwa. Tofauti ya vikapu sitaki kuiandika.

Tukishuka daraja timu imekwisha. Nani atafunga safari mpaka Kitengela acheze ligi ya chini? Vijana watarudi kukaa kwa kona za mtaa wa Noonkopir. Miaka sita itaenda na vumbi. Hilo tu ndilo linanikosesha usingizi, si fimbo ya mtu.

Jumapili, 29 Aprili

Sasa ni Mutua. Mrefu wetu wa pekee. Ametolewa kwa timu ya Loitokitok, na safari hii tumelipwa: vijana wawili na gunia la vitunguu.

Vitunguu!

Mzee anaita hii kujenga upya. Anasema timu imezeeka, lazima ipate damu changa. Mmoja wa hao vijana anadunda mpira kwa mkono wa kulia tu. Wa pili hajui miguu yake iko wapi. Wanakamati waligawana vitunguu pale pale kando ya uwanja, wanacheka. Nilichukua fungu langu. Mke wangu, Mama Faith, anasema ni vizuri, havilizi mtu. Nilikula nikiwa nimekasirika.

Jumamosi, 19 Mei

Magadi walikuja kwetu. Otieno alitufunga mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. Baada ya mechi akanikumbatia, jasho lake lote kwa jezi yangu.

Kilichonichoma ni wale wazee. Lemayian na meneja wa Magadi, Koinet, wamekaa kwa benchi moja wanacheka kama ndugu. Tumepigwa, yeye anacheka! Na hawaitani majina. Huyu anamwita mwenzake Pakiteng, na mwenzake anamjibu Pakiteng.

Jumatatu, 21 Mei

Nimemuuliza Naisula, mwalimu mwenzangu, hiyo Pakiteng ni nini, maana yeye ni Mmaasai. Anasema watu wakishapeana ng'ombe, majina yao wanaacha, wanaitana hivyo mpaka kufa. Na ng'ombe huwezi kuweka wote boma moja. Wengine unampa rafiki wa mbali. Kiangazi kikija kwako kikamaliza, wa mbali wanabaki, na rafiki hakusahau. Mwaka jana baba yake alipona hivyo.

Nikamwambia mtu si ng'ombe na ligi si kiangazi.

Akaniuliza tumeshinda mechi ngapi. Moja. Akarudi kusahihisha vitabu vyake.

Jumatano, 6 Juni

Nimeandika ripoti ya kamati. Kurasa nne, kwa kalamu, bila kufuta. Wachezaji waliotoka, wachezaji walioingia, karatasi zilizopo. Kwa karatasi zilizopo nimeandika sufuri na kuizungushia duara. Nimesoma mara mbili. Sijawahi kuandika kitu kitamu hivi.

Jumapili, 10 Juni

Tumemwondoa. Watano kwa wawili. Pendekezo ni langu.

Niliwasomea kurasa zote nne. Mzee alisikiliza, mikono juu ya fimbo. Nilipomaliza nikamuuliza mbele ya wote, "Karatasi ya Otieno iko wapi?"

Akasema, "Karatasi ni mimi hapa."

Watu wakacheka. Mimi ndiye nilianza.

Akainuka, akaweka ufunguo wa stoo ya mipira mezani, akatusalimia kwa mkono mmoja mmoja. Na mimi pia. Mkono wake mkavu. Akaenda.

Nimelala vizuri, mara ya kwanza tangu Machi.

Jumamosi, 30 Juni

Sina nguvu ya kuandika lakini nitaandika.

Kijana amekuja mazoezini leo. Aliinama kupita mlango wa stoo. Mikono, wacha tu. Alichukua mpira akauingiza kwa ile ringi iliyopinda, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mazoezi yalisimama yenyewe. Anaitwa Lekishon. Ametoka Magadi, ametumwa na Koinet.

Imerudi.

Nilikimbia kuleta fomu. Nilikimbia na goti bovu! Nikampa kalamu, nikamwonyesha pa kutia sahihi. Akaisoma yote, polepole, akaikunja, akanirudishia.

"Nimetumwa kwa mzee Lemayian. Sikutumwa kwa timu."

Nikamwambia mzee na timu ni kitu kimoja. Uongo. Akaniuliza basi mzee yuko wapi. Vijana wote wakanitazama. Yule wa Loitokitok wa mkono wa kulia akajibu kwamba mzee alifukuzwa.

Lekishon hakuuliza alifukuzwa na nani. Alikunywa maji, akauliza gari za Kajiado zinasimama wapi.

Nilipiga mlango wa stoo teke. Nyumbani Mama Faith akasema hasira hasara. Nikamwambia aniache. Mjinga. Si yeye, mimi.

Jumapili, 15 Julai

Nimeenda Kajiado kumwomba. Mzee anafundisha vijana wa huko, kwa uwanja usio hata na mistari. Ringi moja. Lekishon yuko katikati yao.

Alinipa kiti, akaitisha chai. Nilisema yote niliyopanga kusema: mechi nne zimebaki, nipe huyu kijana mechi nne tu. Nikasema nilikosea. Nilisema haraka haraka nisije nikasita.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Akasema, "Koinet alinipa mimi. Nyinyi mlisema hamnijui. Nitamwambia Koinet nimempa nani?"

Nikamaliza kikombe. Chai ilikuwa na maziwa mengi. Nilipoinuka akanitazama goti, akaniambia nisiruke nalo tena mpaka uvimbe uishe. Basi. Alinisindikiza mpaka barabarani.

Jumamosi, 4 Agosti

Mechi ya mwisho. Niliruka. Goti limeenda, nimetolewa nikiwa nimebebwa. Tumepigwa.

Tumeshuka.

Wanakamati wamekaa wakiulizana ni nani aliyetuharibia timu. Mmoja akasema ni yule mzee. Nikamwambia anyamaze. Nilipiga kelele mpaka refa akageuka.

Jumapili, 12 Agosti

Mvua kidogo usiku, leo hakuna vumbi. Goti limefungwa, nimeliweka juu ya stuli. Mama Faith ameenda kanisani na watoto.

Naisula amepita kuniona. Ameleta salamu kutoka Kajiado. Mzee anauliza kama ile ringi ya lango imenyooshwa. Nimesema bado.

Nimepanga faili ya msimu. Fomu za usajili, ripoti, muhtasari wa mkutano wa kumi Juni, sahihi za watu saba. Fomu ya Lekishon nimeiweka pia, tupu, na mikunjo yake. Nimehesabu mara mbili. Karatasi zote ziko.