Gari la Mkwe Halikaguliwi

Maua, Meru

Kwa dada yangu Wambeti,

Natumaini barua hii inakukuta una nguvu, wewe na watoto, na kwamba huko Runyenjes mvua imewaachia kitu shambani. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio sijui niseme nini juu yake. Bwana Athumani, yule mchinjaji ninayemwendeshea lori, anawasalimu. Ndiye aliyenitafutia mtu wa kukuletea barua hii mkononi, maana zinazopita posta siku hizi za Hali ya Hatari husomwa na macho mengi.

Umeniandikia kwamba nimemsahau mama. Neno hilo limenichoma, dada. Unasema alikaa kando ya barabara pale Karurumo tangu asubuhi, amefunga kitambaa chake kipya cha kichwa, haoni kitu ila anasikiliza kila gari linalopita, mpaka askari wa kijiji wakamrudisha ndani kabla ya kafyu. Sikumsahau. Nilikuwa njiani kuja kumchukua nimpeleke hospitali ya misheni akatazamwe macho. Gari ndilo lililoniangusha, na gari lenyewe unalijua, kwa kuwa nililinunua kwa baba mkwe wako.

Bwana Athumani alinionya mapema. Alisema, "Nyaga, gari halina undugu. Nenda asubuhi, injini ikiwa baridi. Lala chini yake ulitazame tumbo. Lipandishe mlima, na uende na fundi ambaye muuzaji hamjui."

Nikaitikia vizuri sana, kama mtoto wa shule. Fundi nikamwacha Meru kwa kuona aibu kumleta. Nilipofika kwenu mlikuwa mmenichinjia mbuzi, na wewe mwenyewe ukanipa uji kwa kibuyu. Niligusa boneti nikaona lina moto. Mtu alikuwa ameliwasha kabla sijafika. Hapo ndipo ningesema nitarudi kesho, lakini ningesemaje? Mzee ameketi na fimbo yake, wazee wenzake pembeni, nami ni ndugu wa mke wa mwanawe. Nilale matopeni mbele yao nikichungulia mali yake? Unakumbuka baba alipopokea mbuzi wa mahari yako, akamwona mmoja anachechemea, akatazama kando. Alisema mkwe hakaguliwi. Hilo nililikumbuka vizuri, nikasahau kwamba mbuzi kilema bado huliwa.

Lilikimbia hadi Maua bila kelele, nikajisifu kwa kila mtu. Siku ya kumfuata mama nilipewa pasi fupi ya kusafiria, na unajua sisi Waembu tunavyotazamwa huku. Kabla ya kuingia Chuka, mlimani, giaboksi ikaanza kulia, gia zikakataa kuingia, gari likasimama. Tulilisukuma na wapita njia hadi kwa fundi mmoja wa hapo, mtu wa maneno machache. Akafungua, akachovya vidole, akanionyesha mafuta mazito yaliyojaa unga wa mbao. Kumbe watu huuweka ili meno ya gia yaliyolika yasipige kelele mpaka pesa zipokewe.

"Hii gari nani alikuuzia?" akauliza.

Nikamwambia ni mkwe.

Akapangusa mikono. "Kama ni mkwe, basi hapo hakuna kesi."

Nilitaka kuja kwa miguu. Askari wa kizuizi akasema pasi yangu ni ya dereva na gari lake, na asiye na gari ni mzururaji. Nikarudishwa Maua, na pasi nyingine wamekataa kunipa.

Sijui kama mzee aliuweka unga ule mwenyewe, au naye aliuziwa hivyo hivyo. Kuna siku namtetea, kuna siku namlaani. Bwana Athumani anataka tumwandikie tudai haki yangu. Nimekataa. Nikidai, labda atanirudishia, lakini wewe ndiye utakayebaki katika boma lile, ukiwapikia watu wanaojua kwamba kaka yako amemwita baba yao mwizi. Ninajuta, dada. Niliogopa aibu ya kitambo kidogo, na anayeilipa ni mama, kwa macho yake. Akiba yangu inaota kutu Chuka chini ya migomba, na hiyo hainiumizi kama kitambaa kile kipya ulichoniandikia.

Nakuomba umfikishe mama hospitali, hata polepole, mkono wake ukiwa begani mwako. Mwambie nilinyimwa pasi. Si uongo wote. Akisema nimemsahau, mwache aseme, usinitetee hata kidogo, maana neno likianza kutoka halijui pa kusimama. Barua hii ukimaliza kuisoma itie motoni.

Nisalimie shemeji, na watoto wako wote, na mama mkwe wako aliyenifungia ndizi za njiani. Mama yetu mshike mkono kwa niaba yangu, usimwambie kwa nini. Na mzee wa boma mpe heshima zangu zote. Akikuuliza habari za gari, mwambie linatembea.

Ni mimi kaka yako,
Nyaga