Majani Uliyoyakata kwa Kisu Changu

Mpendwa mama mkwe,

Septemba imeingia hapa mtaani kwetu Parkdale, ugenini huku, na maua yako yametoka. Ni matatu, ya zambarau, bila jani hata moja. Nimeona nikupashe habari, maana ulipokuwa hai nilikunyima.

Unamkumbuka yule mama Mreno wa jirani aliyekupa vitunguu saba vya maua, vya kupanda si vya kula, mwaka ule ulipotufikia kutoka Bukavu? Sita ulivipanda kwenye kipande cha udongo mbele ya nyumba. Cha saba ulikisahau kwenye dirisha la jikoni, nacho kikachanua papo hapo, kikavu. Jumapili hiyo akina mama wa kanisa walikuja kukusalimu. Nilikuwa nimeshika sinia la chai ulipokiinua ukawaonyesha.

"Muone hii. Haina udongo, haina maji, na inazaa. Huyu wetu anakula kila siku."

Walicheka kwa adabu, kisha wakalitazama tumbo langu. Nikamimina chai. Sikumwaga hata tone, na hilo najivunia mpaka leo.

Maua haya huchanua baridi ikikaribia, na majani huja peke yake theluji ikishayeyuka. Yalipotoka, jirani alisimama kwenye uzio akaeleza kwamba yasiguswe, yaachwe yanyauke yenyewe, kwa sababu ndiyo yanayokilisha kitunguu. Wewe Kiingereza hukukijua. Kila neno la nchi hii lilikufikia kwa mdomo wangu.

"Anasema nini?"

"Anasema uyakate, mama. Yangali mabichi."

Ulinishukuru. Ukachukua kisu changu cha mboga, ukapiga magoti hayo yako mabovu, ukayakata mpaka chini. Ukafanya hivyo kila mwaka. Mimi, ninayelipwa kuwaogesha na kuwabembeleza wazee wa watu kwenye makao yao kule Don Mills, nilikutazama dirishani huku nikinywa chai, na chai ilikuwa tamu. Maua yakawa manne, mwaka uliofuata mawili. Ulisema udongo wa huku umekukataa. Vita vilikuwa vimekunyang'anya shamba lako Walungu, na haya ndiyo yalikuwa ya kwanza kuota kwa mikono yako tangu siku hiyo. Nilijua. Uliniambia mwenyewe ukilia, nikakupa kitambaa ufute machozi.

Kisha ugonjwa ukakulaza chumba cha mbele, huwezi hata kujigeuza. Septemba ile ya mwisho hukuuliza dawa wala chakula. Uliuliza maua tu.

"Fungua rido. Maua yangu imetoka?"

Nilisogeza pazia kidogo, kadiri ya jicho langu kupita. Lilikuwepo moja, limesimama hatua mbili kutoka dirishani.

"Bado, mama."

Uliuliza siku tisa. Siku ya kumi hukuuliza, na kabla ya Oktoba kuisha tukakuzika.

Mwaka huu majani sikuyagusa. Mwanao alidhani ni huzuni, akanishika bega. Maua yalipotoka aliyapiga picha, akaiweka kando ya picha yako. "Mama angefurahi," akasema. Nikamjibu kwamba ungefurahi sana. Hajui lolote, na wala sitamwambia.

Mtoto bado hatujapata, kama ungependa kulisikia hilo huko uliko.

Naona aibu, mama. Hunijia kazini, nikimvisha soksi bibi wa watu. Lakini ile Jumapili sijakusamehe, na sikuombi unisamehe mimi. Jikoni kumepooza tangu uondoke. Hakuna wa kunisema, nami nimebaki na majibu yote niliyokuwa nimekuandalia.

Ungerudi leo, ningefungua pazia lote. Ningekuinua mgongo kwa mito uyaone yote matatu. Ila kwanza ningekuacha uulize mara mbili.

Pumzika, mama.

Mke wa mwanao