Sare Nne Ulizoshona

Yaya Mado, dada yangu,

Ni miezi minne tangu tukuzike, na leo ndiyo mara ya kwanza nakaa kwenye mashini yako ya kushonea bila kushona. Nakuandikia kwa sababu yaliyonipata wiki hii ningekusimulia wewe kwanza.

Unamkumbuka yule bwana aliyeleta kitambaa cha buluu na barua yenye muhuri, akataka sare nne za polisi? Mimi sikumwona, nilikuwa sokoni kununua zipu. Niliporudi ulikuwa unacheka peke yako. Ulinionyesha vipimo vyake kwenye kaye, daftari lako, ukasema, "Angalia, mutoto. Mukono ya kushoto iko mufupi, santimeta tano nzima. Mungu naye kuna siku anashonaka haraka-haraka." Tulicheka hadi machozi, Yaya.

Wiki tatu baadaye watu wanne wenye sare waligonga kwa Mwalimu Kasongo, jirani yetu hapa Katuba. Akawafungulia. Nani asiyewafungulia polisi? Walimpiga risasi mbele ya mkewe, wakaondoka na pikipiki yake. Kwenye kilio, Mama Anto, mjane wake, alituonyesha kipande cha koti kilichobaki mkononi mwake alipovutana nao. Ulikigeuza ndani nje, ukatazama mshono. Sijawahi kuuona uso wako vile. "Hii ni kazi yangu," ulisema. Basi.

Kesho yake ulikwenda kituoni kuwaambia. Nilitaka nikusindikize, ukakataa: "Baki na kazi." Siku ya tatu walikutoa mtoni. Polisi wakaandika kwamba uliteleza. Wewe, uliyekuwa ukivua viatu kwa kuogopa kuteleza kwenye tope kidogo!

Hapa kwetu mambo yameharibika. Jua halijazama milango yote imefungwa. Papa Djo, polisi wa kweli anayekaa mwisho wa avenyu, siku hizi anabeba sare yake ndani ya mfuko na kuivalia kazini, maana watoto walikuwa wanakimbia wakilia wakimwona. Mkewe akifika bombani wanawake wananyamaza. Mama Anto, ukigonga, anauliza jina lako, halafu jina la mama yako, na hata hivyo hafungui. Nami nikisikia gari linasimama nje, naacha kukanyaga mashini.

Jumanne mchana aliingia mtu, kavaa koti jeusi la kiraia. Akasema yeye ni mpelelezi, amepewa kazi ya kifo chako. Nilifurahi, Yaya! Nilimpa kiti.

"Marehemu alikuwa na kaye ya vipimo," akasema. "Itatusaidia sana."

Nilikuwa nimeshafungua kabati, nimeshaigusa. Akanyoosha mikono yote miwili aipokee. Wa kulia ulionekana mpaka saa yake. Wa kushoto, koti lilikuwa limeufunika hadi kwenye kucha.

Nikafunga kabati kwa ufunguo. Nikamwambia kaye tulikuzika nayo, ndivyo ulivyotaka.

Alinitazama sana. Akatazama picha yako ukutani, kisha ufunguo mkononi mwangu. "Na wewe, unajua kushona kama yeye?"

"Bado najifunza, Papa."

"Jifunze polepole," akasema, akatoka akauacha mlango wazi.

Nilichukua kaye nikakimbia kwa Mama Anto. Nikataja jina langu, nikataja la mama. Nilikuwa nalia, labda ndiyo maana akafungua. Nilipomaliza kusimulia, alifunga kitenge chake vizuri, yeye ambaye hajatoka nje ya ua wa lupango wake tangu mazishi ya mumewe, akasema, "Twende. Lakini si kule kwenye kituo. Twende kwa majaji wa jeshi, ndio wanaohukumu polisi."

Papa Djo alitukuta njiani, akauliza kuna nini. Mimi nilisita. Mama Anto akamwambia yote. Aligeuka akarudi kwake, nikajua tumekwisha. Kumbe alikwenda kuvaa. Alitoka na sare yake mchana kweupe, akatangulia mbele yetu avenyu nzima, na watu wakawa wanachungulia.

Kwenye mahakama ya jeshi karani aliandika kila kitu, pamoja na mahali ninapokaa. Kaye imebaki kwao. Yule mtu bado hajakamatwa. Tangu jana gari jeupe lisilo na namba limesimama ng'ambo ya barabara, vioo vimepandishwa. Ninapoandika hivi liko pale. Mama Anto amehamia hapa na godoro lake. Anakata majani ya sombe nyuma yangu na kuimba nyimbo za kanisa kwa nguvu, makusudi.

Yaya, makaburini tulikuaga mbio-mbio, tukiogopa nani anatuona. Acha nikuage sasa taratibu. Asante kwa kazi uliyonipa mikononi. Nisamehe kwamba siku ile nilikusikiliza, nikabaki. Wakiniita mbele ya majaji nitasimama, nitataja jina lako lote, nitamwonyesha yule mtu kwa kidole. Nakuahidi. Nikikosekana mimi, atasema Mama Anto. Akikosekana yeye, atasema Papa Djo. Jana tulikaa watatu tukarudia maneno yote, mpaka kila mmoja akayajua.

Mdogo wako,
Fifi