Skrini Mpya ya Kaka Yako

S.L.P. 318,
Tarehe 9 Machi.

Mpendwa shemeji,

Pokea salamu zangu, wewe, mkeo na mapacha. Vifua vyao vimepona? Baridi ya huko imepungua? Sisi tu wazima wa kusema tu, ila mimi nimechoka, na leo sina nguvu ya kuuficha uchovu huo.

Nianze na skrini, maana najua unaingoja habari yake. Kila mlipocheza gemu la magari mtandaoni Jumapili, kaka yako alilalamika kuwa barabara inakatika vipande. Ukamshauri atafute yenye hezi mia moja arobaini na nne, yaani inayochora picha mara hizo zote kwa sekunde moja, tena ile inayokwenda sambamba na kompyuta. Kuitafuta kukaniangukia mimi, kwa kuwa yeye yuko kwenye usukani wa basi la shule tangu alfajiri.

Nilizunguka maduka manne, na miguu hii iliyosimama kutwa jikoni hospitalini. Muuzaji wa kwanza alinihutubia kama mwanafunzi aliyefeli. Wa nne, fundi mpole, alinieleza taratibu: kompyuta ikituma picha mpya kabla skrini haijamaliza kuchora ya kwanza, ndipo picha hukatika. Hii mpya hufuata mwendo wa kompyuta.

"Ila picha iliyosimama haikatiki kamwe, mama," alisema.

Nikachukua ya inchi ishirini na saba, nikaikumbatia hadi nyumbani.

Kaka yako akacheza kidogo, akanuna. Inakatika palepale, katikati. Nikakagua waya, nikakagua mipangilio kama ulivyoelekeza. Nilipotazama mimi, barabara ilikuwa laini kabisa. Akafunga gemu, ikabaki kwenye skrini ile picha yake ya kila siku, mama mkwe ameketi kitini. Akaweka kidole shavuni mwa mama.

"Ona, hata hapa imekatika."

Shemeji, nikayakumbuka maneno ya fundi. Nikamwomba afumbe jicho la kushoto atazame tena, akakataa, akang'aka. Kumbe anajua. Mwishowe akakiri: ni miezi minne sasa jicho la kulia halioni sawasawa, na hataki daktari, kwa kuogopa leseni itakwenda. Na kila asubuhi watoto thelathini wanapanda basi lile.

Nilimbembeleza wiki nzima, akawa mkali kama pilipili. Juzi nikaenda kwa mwenye basi, nikamwambia yote. Jana kaka yako akasimamishwa hadi apimwe macho.

Sasa yuko sebuleni anamlaani utingo wake, akidhani ndiye aliyemchongea. Miaka tisa wamefanya kazi pamoja. Yule bwana alikuja kumpa pole, akafukuzwa mlangoni, nami nilikuwa nimesimama pale na sinia la chai, kimya. Naona aibu, shemeji.

Simu ningekupigia, lakini vyumba vyetu ni viwili na kaka yako anasikia kila neno. Wewe anakusikiliza. Barua hii ikifika, mpigie, usimwachie hadi akubali kwenda kwa daktari wa macho. Habari ya skrini usimfungulie tena, skrini ni nzima.

Ya utingo nitayasema mwenyewe. Nikiibandika bahasha hii naingia sebuleni.

Nisalimie mkeo, nibusie mapacha, na Mungu awatunzie afya zenu nyote. Kaka yako hajakusalimu, hajui kama naandika.

Shemeji yako akupendaye,
Mama Mkubwa wa mapacha.